Nyungu ya Feza ya Nkambo

Enzi zetu Kamina feza haikulala ndani ya simu, ililala ndani ya nyungu. Nkambo wangu, mama mzaa baba, mwanamke wa Mulongo, aliifinyanga kwa mkono, akaifunga juu pote kama yai, kisha akaichana mdomo mwembamba kwa ubua udongo ukiwa bado mbichi. Kufungua hakukuwepo. Ulipasua tu, na siku ya kupasua aliipanga mama yangu.

Mwaka ule ilibeba minervali, ile karo yangu ya darasa la sita, noti juu ya noti, jasho la mama aliyeuza mihogo kwa wake wa askari kambini. Asubuhi moja redio ikasema noti zile zimekufa, zinakuja mpya. Mtaa mzima nyungu zikasikika zikivunjika. Mama naye akaipiga yetu kwa mchi, akazitazama zile noti, akakaa chini akalia. Nami nililia, maana nilijua shule imeniishia.

Katikati ya vigae kulikuwa na kitu kizito: msalaba mdogo wa shaba, mikono minne sawa, umeota kijani. Nkambo aliutia ndani kabla hajaifunga nyungu.

"Hii njo ilikuwa feza mbele ya Bazungu kufika," alisema. "Balikuwa banaoa nayo banamuke. Bankambo yetu balikuwa banaificha mu nyungu, hivi hivi. Nayo ilikufa."

Nilishika pesa ya watu ambao hata majina yao hakuna anayeyajua, nao walikuwa na kibubu kama sisi. Mpaka leo sijashika kitu kilichonishangaza vile.

Nkambo akajifuta mikono. "Feza inakufaka. Udongo haikufake. Mulete udongo."

Mama alidhani uzee umemzidi. Kumbe bibi yule alikuwa amesikiliza vizuri: kila nyumba imevunja nyungu yake, na noti mpya zitataka pa kulala. Haikupita wiki mbili, wake wa askari wakapanga mstari mlangoni kwetu kununua nyungu mpya. Minervali ikalipwa.

Leo mjukuu wangu anaweka akiba kwa kidole, na moto wa simu ukiisha, tajiri wetu anazunguka mtaa mzima kuomba chaja. Nilimwonyesha ule msalaba. Akaugeuza geuza, akasema, "Nkambo, unitengenezee nyungu yake."

Udongo bado upo pale mtoni tulipouchota. Shule ile iliyolipwa kwa nyungu ilinifundisha kuandika habari zake. Kufinyanga, sikukaa na nkambo wangu hata siku moja nikajifunza.