Watani wa Karakana ya Nyangamara

Kazi yangu ni kuwauliza watu kama mafunzo waliyoletewa yanawafaa, na kusini kunanitesa, kwa sababu kusini mgeni haambiwi baya. Unapewa kiti kizuri, unaletewa korosho za kukaanga, kisha unaambiwa kila kitu safi, tunashukuru.

Siku ile nilikuwa Nyangamara, kwenye karakana ya kufundishia ufundi wa pikipiki wale ambao maofisini tunawaita vijana walio katika mazingira hatarishi. Jina lenyewe silipendi. Sijawahi kumsikia kijana akijiita hivyo.

Wasichana walioanza mafunzo walikuwa wengi, lakini niliwakuta wawili tu. Nikauliza wengine wako wapi.

"Wapo, mama."

"Wapo wapi?"

"Wapo tu."

Hasira zikanipanda. Nisipojua kilichowaondoa, nitarudi na sifa tupu, na hawa wawili nao wataondoka.

Mwalimu wao, fundi mpole, akaona nimenuna. Ili kuchangamsha mazungumzo akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Songea, mimi Mngoni.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Wamwera, wenyeji wa hapa, ni watani wetu tangu babu zetu walipokuja kuwavamia, na mtani hanuniwi kwa lolote atakalosema. Mmoja wa wale wasichana akaweka spana chini.

"Kumbe Mngoni! Babu zako walitubebea watu, na wewe umekuja kuwahesabu waliobaki?"

"Nimekuja kumalizia kazi yao," nikamjibu. "Ila mlivyojaa oili, sijui kama mtashikika."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Msichana naye alicheka, na kicheko kikiwa bado usoni akaendelea:

"Basi sikiliza, mtekaji. Wenzetu wana watoto wachanga, na watoto humu ni marufuku, ndiyo maana wamerudi nyumbani. Mimi wangu namwachia jirani, na jirani keshachoka. Kaniambia mwisho wiki hii. Jumatatu hamnioni."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akamgeukia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje, mwalimu? Wewe siyo mtani."

Mwalimu akajieleza kwamba alihofia petroli na vyuma vya moto. Nilimwamini, hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Tukakubaliana palepale: watoto wakae baraza ya nyuma, mbali na injini, na mama zao wapokezane zamu ya kuwaangalia. Mwalimu akaenda kwake, akarudi na mkeka kwapani. Yule msichana akaukung'uta vumbi, akautandika mwenyewe, akausawazisha pembe kwa pembe kama anayetandika kitanda cha harusi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimenuna mwanzoni.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa. Kelele za watoto nilizisikia kabla sijashuka kwenye pikipiki. Baraza ilikuwa imejaa, wengine wanatambaa kwenye saruji tupu, na ndani akina mama waliokuwa wamekata tamaa walikuwa wameinamia injini. Yule msichana alikuwa katikati yao, anamfokea mwenzake aliyekaza nati kinyume. Akaniona, akatazama mikono yangu.

"Umekuja mikono mitupu, Mngoni?" akaniuliza. "Mkeka mmoja hautoshi."