Violini za Juvenali

Juvenali, kinyozi wa Lusahunga, aliokota flashi iliyosahauliwa na dereva wa lori, akaichomeka kwenye spika. Zikatoka violini zinazokwaruza, piano inayopigwa ngumi, kisha kimya kirefu. Akaupenda muziki ule kuliko bongo fleva zote alizokuwa nazo.

Wateja hawakumwelewa. Mmoja aliondoka amenyolewa upande mmoja. Fundi redio wa jirani alikuja na bisibisi bila kuitwa.

Kisha akaingia Bibi Ernesta, mjane anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani anachinja mbuzi humu?"

"Ni muziki, bibi. Hebu keti usikilize."

Bibi akaketi, akafumba macho. Violini ilipokwaruza taratibu, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Huo ni mlango wetu! Marehemu mzee wangu aliusukuma hivyo hivyo kila akirudi amelewa, akidhani nimelala. Rudia, mjukuu wangu."

Juvenali akarudia mara tatu. Kesho yake bibi alikuja na wajane wenzake watano, wakajaza benchi. Hakuna aliyetaka kunyolewa. Kila mmoja alitega sikio amsikie mzee wake, na Juvenali akaongeza sauti.