Sanduku la Watu wa Mbali

Mukuka alikuwa karani wa hospitali moja mjini Lubumbashi, na tangu mwaka 1973 kazi yake ilikuwa kuandika kansa. Kila mgonjwa na kadi yake: jina, umri, uvimbe uko wapi, anaishi wapi. Daktari Gérard, Mbelgiji aliyeianzisha kazi hiyo, alimwekea sharti moja: wahesabiwe wakazi wa mji tu. Waliotoka nje kutafuta matibabu, kadi zao ziwekwe kwenye sanduku la kando, wasije wakaivuruga hesabu.

Mukuka alilishika sharti hilo kama sala. Mama wa Kenya, mtaa wa mji huohuo, ndani. Mama wa Sakania, kule mpakani, kando. Aliyetaja anwani ya shemeji wa mjini alibanwa kwa maswali mpaka akasema kweli.

Mwaka 1977 mdogo wake, Nkandu, alishuka kwenye lori kutoka Mitwaba, titi limeshatoboka. Huko alitibiwa miezi saba wakidhani ni jipu. Akakaa kwa kaka yake, na siku moja akamkuta anapanga kadi.

"Yaya," alimwita kaka yake, "kadi ya miye iko wapi?"

Akamwonyesha sanduku la kando.

"Juu ya nini banaitia kule? Miye haiko mugonjwa?"

"Njo sheria ya kazi, mudogo yangu. Unatoka mbali."

Nkandu alivuta kitenge, akajifunika kifua.

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Mukuka aliandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha kadi kando. Angeweza kuandika kwamba marehemu aliishi kwake. Kalamu ilikataa, na kwa hilo alijichukia.

Mwaka uliofuata ripoti ya hesabu hiyo ikachapishwa, Daktari Gérard akarudi kwao. Ndipo Kapya, muuguzi wa Mitwaba, alipoandika barua kuomba mtu wa kuwafundisha wenzake kuutambua uvimbe mapema. Mukuka aliipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi ya afya. Mkuu akafungua ripoti, akapitisha kidole kwenye jedwali.

"Citoyen Mukuka, soma. Mu Mitwaba hakuna kansa."

"Iko, Chef. Bagonjwa ba kule, miye njo nilibatosha mu hesabu."

"Ulibatosha? Basi unalia nini?"

Akagonga muhuri wa kukataa.

Mukuka alirudi kazini, akamwaga sanduku la kando mezani. Wa Mitwaba peke yao walikuwa arobaini na mmoja, na karibu wote walifika wamechelewa. Barua akaituma Mitwaba kwa lori, na chini ya muhuri aliongeza kwa wino: "Wamekataa. Kosa ni langu."