Mume Aliyenipaka Meno

Katika mji wetu wa ngome bado wapo wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Tazawa Heinai, alikuwa mpiga rangi wa siri. Wengine, wanaojiona wapole zaidi, husema alikuwa mtu mwema ila alimwogopa mkewe. Mke mwenyewe ni mimi. Nimesoma, nimewafundisha mabinti wa wenye vyeo kuandika, na sipendi jina la nyumba yangu lipigiwe soga kisimani. Mikono yangu haishiki tena brashi, kwa hiyo nasema, na binti yangu Saku anaandika.

Heinai alikuwa samurai wa daraja la chini, mlinzi wa lango la maji, pale mashua za mchele zinapoingia chini ya ukuta wa ngome. Kwa upanga alikuwa wa kati. Wenzake walimcheka kwa sababu akikugonga kwa upanga wa mbao mazoezini, alikuomba radhi kabla hujasikia maumivu. Asubuhi ukungu ulipopanda kutoka mtoni ulifunika lango lote, na yeye alisimama ndani yake kama mtu aliyesahauliwa na ndoto ya mtu mwingine. Aliwasalimu hata korongo.

Tulioana nikiwa msichana mwenye kiburi. Siku ya harusi nilipakwa meno weusi, kama ilivyokuwa kwa kila mke wa wakati ule. Vijana wa leo wanaona kinyaa, lakini kwetu mke mwenye meno meupe alikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Weusi wenyewe hutengenezwa kwa vipande vya chuma vilivyooza katika siki na chai, ukachanganywa na unga mchungu wa mti wa milimani. Unanuka vibaya. Unafifia upesi, na ni lazima upakwe tena na tena, kwa mkono usiotetemeka.

Baada ya majira kadhaa ya theluji, baridi yabisi iliingia mikononi mwangu. Vidole vilijikunja kama majani yanayokauka. Hatukuwa na mtumishi, na kumwita jirani anipake meno kungekuwa kuutangazia mtaa mzima kwamba mke wa Tazawa hana mikono. Habari hiyo isingekawia kumfikia Gendayu, kaka mkubwa wa Heinai na mkuu wa ukoo, mtu ambaye tangu mwanzo aliniona nimesoma kupita kiasi. Ugonjwa ulikuwa sababu halali ya kumrudisha mke kwao.

Asubuhi moja Heinai alinikuta nimeinama juu ya bakuli, brashi imeniponyoka, weusi umenichuruzika kidevuni.

"Nui, umekula makaa?" aliuliza.

"Usinicheke, bwana."

"Sikucheki. Fungua mdomo."

"Mwanamume hafanyi kazi hii."

"Mwanamume analinda lango. Hili nalo ni lango. Fungua."

Nilifungua. Tangu siku ile, kila weusi ulipofifia, alipiga magoti mbele yangu kabla ya kwenda kazini, akiwa amebana pumzi kana kwamba mimi ni karatasi nyembamba inayoweza kupeperuka. Nje theluji ilianguka bila sauti. Nilisikia brashi ikipita jino hadi jino, laini kama nondo, na mara nyingine nilisinzia huku mdomo uko wazi, nikaota naelea mtoni. Nikizinduka namkuta yupo vilevile, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Hatukuwahi kuambiana maneno ya mapenzi. Watu wa tabaka letu hawakuwa nayo.

Nilimtaka asimwambie mtu, naye akakubali. Sijuti kumtaka hivyo. Lakini weusi unaoshika meno unashika na vidole. Alivisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa pumba za mchele; ukabaki kwenye kucha na mikunjo ya ngozi.

Kwetu, mtu akisujudu mbele ya mkubwa hutandaza viganja vyote viwili juu ya mkeka. Miezi mingi Heinai alisujudu vidole vikiwa vimekunjwa ndani, na wenzake wakadhani ni ushamba. Theluji ilipoanza kuyeyuka, walinzi wote waliitwa mbele ya msimamizi wa ngome, Bwana Oba, mzee mkavu asiyejulikana kucheka.

"Tazawa," alisema, "tandaza vidole."

Heinai akavitandaza.

Chumba kizima kikaona. Mtu akanong'ona kwamba vile ni vidole vya mtu wa karakana ya rangi ya mtoni, kule wanakolipwa kibarua kwa siku. Samurai aliyeuza mikono yake kwa fundi alinyang'anywa upanga na sime, na jina lake likafutwa utumishini. Bwana Oba alimuuliza rangi ile ni ya kazi gani. Heinai akasema haiwezi kusemwa.

"Basi nitakuja nyumbani kwako kuzichukua silaha," alisema Bwana Oba, "na mkuu wa ukoo wako awepo."

Heinai alinisimulia yote huku anakula uji, kwa sauti ileile anayosimulia habari za korongo.

"Waambie ukweli," nilisema.

"Nikisema, Kaka atakurudisha kwenu."

"Usiposema, utakuwa nani bila upanga?"

Alifikiri, kijiko mkononi. "Nitakuwa mpiga rangi," alisema. "Tayari nina uzoefu." Kisha akacheka mpaka uji ukampalia.

Asubuhi waliyokuja, ukungu ulikuwa umeingia hadi ua wetu, na tulidhani bado ni mapema. Heinai alikuwa amemaliza safu ya juu ya meno yangu. Ndipo tukasikia sauti ya Gendayu langoni.

"Fungua, wewe aibu ya baba yetu!"

Heinai aliweka bakuli chini, akaufunga mlango wa karatasi kati yetu, akaenda kuwapokea. Nilisikia upanga na sime vikiwekwa mkekani, kimoja baada ya kingine. Vilitoa sauti ndogo mno kwa vitu vilivyobeba jina la vizazi.

"Unatia rangi nguo za nani?" Gendayu alifoka. "Za malaya wa daraja la mto?"

"Hapana, Kaka."

"Sema basi! Au mkeo msomi amekula ulimi wako?"

"Kwa mara ya mwisho, Tazawa," alisema Bwana Oba. "Ni kazi gani?"

Heinai akanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo ule kifuani mwangu. Mwanamke wa nyumba kama yetu hafungui kinywa mbele ya wanaume wageni. Hata akicheka hujiziba kwa mkono wa kimono. Mikono yangu haikuweza kuinuka kuziba chochote. Nilisukuma mlango kwa bega, nikapiga magoti mbele ya Bwana Oba, nikafungua kinywa.

Safu ya juu nyeusi, inang'aa. Safu ya chini imefifia kama theluji iliyokanyagwa. Na mikono yangu mapajani, imejikunja, kila mtu aione.

Gendayu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kumbe! Mjakazi mwenye panga mbili!" Kisha akaitazama mikono yangu vizuri zaidi. "Na mke asiye na mikono. Huyu anarudishwa kwao leo hii."

"Ana mikono, Kaka," alisema Heinai, akatandaza vidole vyake vyeusi juu ya mkeka. "Hii hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimjibu kaka yake.

Gendayu alivuta pumzi aendelee, lakini Bwana Oba aliinua upepeo wake wa mkononi.

"Mimi nilikuja kutafuta mpiga rangi," alisema. "Sijamwona. Sikuja kuachisha wake za watu, na mbele yangu haachishwi mtu." Akaliangalia bakuli kupitia mlango uliobaki wazi, akaliangalia kwa muda mrefu kuliko bakuli linavyostahili. "Tazawa. Safu ya chini bado."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Weusi ukikauka unapasuka. Kamalizie. Sisi tutangoja uani."

Akamtoa Gendayu nje, wakasimama ndani ya ukungu, migongo imetuelekea. Upanga na sime vilibaki mkekani palepale. Heinai alichukua brashi. Brashi, ambayo haikuwahi kumponyoka, ikamteleza, akanipaka hadi kwenye midomo.

"Umeniharibu," nilisema.

"Samahani," akasema, kama alivyozoea mazoezini.

Hakupandishwa cheo kamwe. Alilinda lango la maji mpaka nywele zikawa nyeupe, na waliotaka kumtania walimwita Bwana Brashi. Aliitika.

Siku hizi panga zimepigwa marufuku, na wake za wakubwa wanaacha meno yawe meupe. Heinai alipofariki, Saku aliniomba anipake yeye. Nilikataa. Weusi ulififia polepole, jino baada ya jino, na wa mwisho kuondoka ulikuwa wa safu ya chini.