Fisi Aliyekataa Kukauka

Mimi ni mtu wa nyumba. Kutoka kwangu Mutuini hadi mjini ni safari ya kuombewa, na nikirudi jirani hunipa pole. Lakini Julai ya mwaka jana nilishuka mjini mwenyewe. Binti wa kaka yangu alikuwa amepewa nafasi ya fisi, fisi mkuu kabisa, katika mchezo wa kuigiza wa shule yao, na mwalimu alisema wazi: asiye na kinyago siku ya mashindano, nafasi inaenda kwa mwingine.

Kinyago alikuwa nacho. Alikitengeneza mwenyewe hapa kwangu, magazeti na uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Mimi ndiye niliyekicheka.

"Huyu ni fisi ama ni mbuzi anaumwa na jino?"

"Anti, wacha! Wewe hata kuku huwezi kuchora."

"Ngoja uone kazi ya mtu mzima."

Huko mjini, muuza rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu kama plastiki, alinionyesha aina mbili. Ile ya kuundia matangi ilinuka hadi machozi yakanitoka. Ya pili, ya kumwagia meza za kisasa, haikuwa na harufu kali, ila ilitaka kipimo kamili: vikombe viwili vya rezini, kimoja cha dawa ya kukausha.

"Mathe, hii unapima," aliniambia. "Na baridi hii, usicheze nayo."

Nikachukua ya meza. Kupima? Kwetu hakuna anayepima unga wa ugali. Anayepima ni mgeni jikoni. Nikamimina kwa macho, nikakoroga, nikaona imekubali. Nikaipaka juu ya sura ya fisi niliyoifinyanga kwa udongo, nikajipigia makofi. Kisha, ili kumaliza ubishi, nikawasha jiko kwa kile kinyago cha magazeti. Kiliwaka vizuri, lazima niseme ukweli.

Siku tatu fisi wangu alinata kama chapati mbichi. Nilimsogeza karibu na jiko. Nilimwanika juani, kama lile la Mutuini mwezi wa saba unaweza kuliita jua. Asubuhi ya mashindano msichana akaja, sare imepigwa pasi.

"Nipe tu, anti. Nitavaa hivyo hivyo."

"Itakuunguza uso. Haivaliwi ikiwa mbichi."

"Basi nipe ile yangu."

Akaangalia rafu, akaangalia chini ya meza, mwisho akaangalia jiko.

"Uliichoma?"

"Nilijua hii itakauka."

Hakulia. Heri angelia. Alisema "asante", ile ya kumwambia mwenye duka aliyekosa chenji, akaenda. Fisi aliigizwa na mwingine. Yeye aliimba nyuma, safu ya mwisho.

Mwaka huu amepewa nafasi ya simba. Mama yake alimwambia alete magazeti kwangu, tukae pamoja atengeneze kinyago kama zamani. Akakataa kwa adabu: asinisumbue, anti ana kazi nyingi.

Sina kazi yoyote.