Sikio Jipya la Spana

Rafiki yangu alitikisa kichwa mbele ya macho yangu, akasema, "Sawa, sawa," kisha akaniacha nikae kwenye benchi la hospitali kutwa nzima kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Na mtu huyohuyo, siku hizohizo, alikuwa ananifunga drafti mpaka Kinyozi anaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa ili aje ashuhudie.

Mambo hayo mawili yalikuwa na chanzo kimoja. Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, na kilikaa ndani ya sikio.

Tulia nikusimulie. Nina sifa ya kutia chumvi, sikatai. Hii nimeitia ya kuonja tu.

Mimi ni dalali mstaafu. Dalali wa mnada, si wa nyumba. Maisha yangu yote nimekula kwa mdomo huu. Nimewahi kumuuzia kabati mtu aliyekuja kununua kuku, na kesho yake akarudi kuuliza kama nina la pili. Darasani sikukaa sana. Kusoma nilijifunza kwenye mabango ya mnada.

Spana ni rafiki yangu tangu sote wawili tukiwa na nywele. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Mitambo ile kwa mkono mmoja ilimpa mshahara, kwa mkono wa pili ikamla masikio. Anastaafu, ukitaka kumsalimia lazima mtaa mzima uitikie.

Naye alikuwa na dawa yake ya uziwi: kutikisa kichwa. Umwambie lolote, "Sawa, sawa." Umwambie nyumba yake inaungua, "Sawa, sawa."

Kila asubuhi tulicheza drafti barazani kwa Kinyozi, kete zetu vizibo vya soda. Spana hakuwahi kunifunga. Hata kwa bahati mbaya.

Siri ya ushindi wangu haikuwa mkono. Ilikuwa mdomo. Akigusa kete namwambia, "Sukuma hiyo, sukuma, nikupeleke nyumbani mapema." Anairudisha. Akigusa nyingine, "Hata hiyo naitaka." Anatoka jasho. Uziwi haukumwokoa, kwa sababu sauti yangu ilikuwa inapita ukuta.

Kisha binti yake wa mwisho, tunayemwita Kitinda, akamletea sikio jipya.

Si vile vifaa vya zamani vinavyopiga mluzi. Hiki kina akili yake, hii inayoitwa akili bandia. Kinasikiliza, kinapima, kinachagua. Kimeunganishwa na simu, na simu imeunganishwa na nani, hilo Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikiita Mdaku tangu siku ya kwanza. Kitu kinachokaa sikioni mwa mtu kutwa nzima hakiwezi kuwa na adabu.

Siku chache baadaye Spana akaanza kunifunga.

Si kunifunga kwa kubahatisha. Alitulia, akaangalia ubao, akanilazimisha nile kete moja, kisha akala zangu tatu na kutua mstari wangu wa mwisho, kete yake ikawa kingi. Mimi naongea mpaka mate yanakauka, yeye anatabasamu kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa.

"Huyo si Spana," Kinyozi akaninong'oneza. "Huyo anasomewa."

"Anasomewa nini?"

"Mzee wangu, hujasikia? Shule ya hapo nyuma walimkamata mtahiniwa na kitu kama hicho. Msimamizi alishtuka kwa sababu mtoto alikuwa anaandika jibu kabla hajafungua karatasi."

"Lakini hicho kina masikio tu. Ubao kinauona vipi?"

"Mwangalie midomo yake. Anakitajia kete."

Nikamwangalia. Kweli, midomo ilikuwa inacheza. Imecheza hivyo tangu ujana wake, lakini ukishamshuku mtu hata kupumua kwake ni ushahidi.

Kinyozi hakukosa sababu ya uchungu. Mpwa wake alikuwa anapokea simu za wateja katika kampuni fulani. Siku hizi simu zinapokelewa na sauti isiyougua wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mpwa yuko nyumbani, anafuga sungura.

Basi tukaanza upelelezi.

Nikaleta redio, nikaiweka karibu na sikio la Spana ili nimvuruge Mdaku. Spana akakunja uso. "Kinyozi, punguza redio hiyo, nasikia sana siku hizi."

Kinyozi akapiga chafya ndani, Spana akamtakia afya. Mkasi ukaanguka, akageuka.

Mimi nikamwambia, "Leo nakufunga mpaka ukasimulie kwa binti yako."

Akatikisa kichwa. "Sawa, sawa." Akanila mbili.

Hapo nikaona jambo lingine, na hilo liliniuma kuliko drafti. Kinyozi akiongea, Spana anamjibu. Wateja wakiongea, anawajibu. Mimi nikiongea, natikisiwa kichwa.

Ana sikio jipya, nikawaza, na mimi ni rafiki wa sikio la zamani.

Sasa, wakati huohuo jicho langu la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alisema lisipopasuliwa mapema litazimika kabisa, na la kushoto lenyewe halikuwa la kujivunia. Sharti lao lilikuwa moja: mgonjwa aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Watoto wako mbali. Nilikuwa na Spana.

Nikamwambia palepale barazani, mchezo ulipokwisha. "Spana, Jumatatu wananipasua jicho. Hawataki mtu aje peke yake. Utanisindikiza?"

Alinitazama mdomo kwa muda. Akanishika bega, akalibonyeza taratibu. "Sawa, sawa."

Jumatatu nikakaa benchini.

Nesi akaja. "Baba, msindikizaji wako yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Akaja tena. "Baba, bado yuko njiani?"

"Anatembea polepole. Ana magoti."

Mwisho akaketi kando yangu. "Baba yangu, hatuwezi kukupasua jicho kisha tukutoe barabarani peke yako. Nitakupangia siku nyingine. Safari hii njoo na mtu wa kweli."

Mtu wa kweli. Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo njia nzima.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Spana amekwisha kupanga vizibo. Akanitabasamia. Tabasamu lilelile la kumtazama mgonjwa.

Sikuketi. Nikanyoosha mkono, nikamchomoa Mdaku sikioni mwake, nikamtia katika langu.

"Umefanya nini sasa?" Kinyozi akasema, lakini naye alisogea karibu. Alitaka kujua kinasema nini.

Nikasikiliza.

Hakukuwa na mtu anayenong'ona. Hakukuwa na hesabu za kete. Nilisikia mkasi wa Kinyozi, gazeti likigeuzwa na mteja, na mtoto akiimba mbali huko. Basi.

Hasira zangu zikakosa pa kukaa. Ikabaki ile moja. Nikaitoa kwa sauti ya mnada, ile niliyoificha tangu nistaafu.

"Spana, kwa nini hukuja hospitali?"

Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita barabarani akashuka.

Spana alisimama. Akanishika mikono yote miwili.

"Dalali," akasema, macho yamejaa maji, "sauti yako imerudi?"

"Imerudi kutoka wapi?"

Hakusikia. Nikamrudishia kifaa, akakivaa, nikarudia. Akakunja uso, akatazama mdomo wangu kama mtu anayetazama filamu iliyokatika sauti. Akakitoa. Nikarudia kwa kelele.

"Kutoka wapi?"

"Ilikuwa imekwisha," akasema. "Ulikuwa unaongea kama mtu aliye ndani ya gunia. Nikasema masikini, dalali wa watu kapoteza sauti, tena hajijui. Nikaona nikikuuliza nitakuaibisha. Nikawa nakuitikia tu."

"Na watu walipokuwa wanacheka utani wangu?"

"Nilijua wanacheka kwa heshima."

Kinyozi akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika.

Kitinda aliitwa. Alifika anahema, akachukua simu ya baba yake, akaniambia, "Baba mdogo, hebu ongea." Nikaongea. Akabonyeza hapa na pale. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kinajifunza chenyewe," akasema polepole. "Baba akiwa anacheza, kila ulipoongea alikuwa anakipunguza sauti. Kikaona hii sauti mwenyewe haitaki. Kikakuondoa."

"Kikanipeleka wapi?"

Akaitazama simu tena. "Kwenye kelele. Pamoja na jenereta la duka la pembeni. Na mbwa wa jirani."

"Mbwa yule anabweka ovyo," nikasema. "Mimi..."

Kinyozi akakohoa.

"Nani alikipa ruhusa?"

"Hakuna aliyekipa. Na hakikuuliza. Lakini hakijakosea, baba mdogo. Kimefanya kile ambacho kilidhani baba anakitaka."

Spana alikuwa anatazama kile kidude kiganjani, kama fundi anayetazama spea asiyoijua.

"Kwa hiyo ulikuwa unanifunga mwenyewe?" nikamuuliza kwa kelele. "Hakuna aliyekusomea?"

"Nilipata nafasi ya kufikiri tu."

"Kwa hiyo mimi drafti sijui."

"Umejua leo?" Kinyozi akauliza kutoka ukutani.

Kitinda alinirudisha kati ya binadamu, akakikataza kifaa kujiamulia. Anasema hakitarudia. Mimi nimeishi na minada. Mtu akiniambia bidhaa haina tatizo, ndipo ninapoigeuza juu chini.

Ndiyo maana sasa, kabla sijamwambia Spana jambo la maana, kwanza namtukana. Akicheka au akinijibu, najua nimo. Akitikisa kichwa, nakaa kimya na kumtafuta Kitinda.

Siku ya pili ya jicho alikuja. Alifika kabla yangu, kavaa shati la sherehe. Waliponitoa ndani, jicho la kulia limefunikwa, la kushoto linaona ukungu mtupu, nikajikuta nimepoteza kipimo changu. Kichwa chake siwezi kukiona. Kama anatikisa, nitajuaje?

Tukatembea koridoni, kanishika kiwiko.

"Spana," nikasema, "kipara chako kinamulika hadi huku ndani ya bandeji."

Kimya.

Tukapiga hatua. Kimya. Nikawaza, tayari, kimenifuta tena, nimerudi kwa mbwa.

"Nimesikia," akasema. "Nilikuwa natafuta tusi la kukujibu, yote mazuri ulishayatumia."

Nilicheka mpaka nesi akatukaripia.

Ninyi vijana mnabishana humu mtandaoni mashine itachukua kazi ya nani. Bishaneni. Mimi kazi niliiacha zamani, na bado ilikuta cha kunichukulia. Haikuniibia kitu mfukoni. Ilikaa katikati ya watu wawili wanaopendana, ikaamua nani asikike, na kila mmoja akabaki anamshuku au kumhurumia mwenzake kimyakimya.

Kwa hiyo nyumbani kwako, kazini kwako, darasani kwako, ukiona mtu anakutikisia kichwa tu, usiridhike nacho. Msimamishe, umuulize: nimesema nini?