Simu ya Zamu Isiyo na Zamu

Nilikuwa sokoni Mabibo nabishana na muuza ndizi pale mke wangu aliponipigia kusema kwamba jirani yetu wa Chamazi amefariki. Nikaacha ndizi, nikaacha na ubishi. Msomaji wangu wa siku zote unanijua: napenda kuandika kumbukumbu kwa upole, marehemu asemwe vizuri na waliobaki wafarijike. Leo utanisamehe. Mama huyu alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta katika chama kimoja cha wataalamu, vile vyama visivyotafuta faida, vyenye wanachama wa heshima zao na kongamano la kila mwaka lenye mabango makubwa. Mwanachama akijisajili, akipata cheti chake, akiingia mkutanoni huku amekaa sebuleni kwake, ujue kuna mikono ya mafundi. Sisemi kazi ndiyo iliyomuua. Daktari alitaja presha, nami si daktari. Lakini nina hasira, na hasira yangu inaanzia kwenye simu moja.

Iliitwa simu ya zamu. Ni simu ya ofisi ambayo mwanachama aliyekwama huipiga saa yoyote, na utaratibu ulikuwa kwamba wiki hii anakaa nayo huyu, wiki ijayo yule, ili wengine walale, wasali, walee watoto wao. Utaratibu mzuri tu. Kisha mafundi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wamechoka kuitwa kwenye lawama na kusahauliwa kwenye shukrani. Ofisi haikuajiri wengine, na simu ikaganda kwa jirani yangu kwa sababu yeye alikuwa anapokea. Uongozi ukaona tatizo limekwisha! Siku ya ubatizo wa mwanawe nilimkuta nje ya kanisa, kitenge kipya, simu sikioni, anamwambia mtu, "Dokta, bonyeza pale palipoandikwa umesahau nywila. Hapana, chini yake." Aliporudi ndani mtoto ameshabatizwa. "Braza," aliniambia baadaye, "hata jina la mwanangu sikulisikia likitajwa." Alisema huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Usidhani alikuwa mnyonge wa kukaa kimya. Mdomo alikuwa nao, na aliutumia. Alinisimulia barazani kwake jinsi alivyosimama kwenye kikao cha wafanyakazi kudai zamu irudishwe, apate walau Jumapili zake. Mwenyekiti akamjibu kwa upole ule wa watu wakubwa: "Sisi viongozi hapa tunajitolea, hatulipwi hata senti. Nyinyi mnaolipwa mnalalamika nini?" Naye akasema, "Mwenyekiti, nyie mnajitolea mkishamaliza kazi zenu. Mie kazi yangu ndiyo hii. Naimaliza saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka, wakahamia ajenda nyingine.

Kicheko hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Tumelifanya neno kujitolea kuwa rungu la kumpigia mtu anayeomba kupumzika. Kiongozi anatoa mchana mmoja wa wiki, anapigwa picha, anashukuriwa. Fundi anatoa maisha yake ya nyumbani, halafu akiuliza anaambiwa hana moyo wa chama. Na hawa ni watu wanaokesha wakiwafundisha wengine maadili ya kazi! Nimehudhuria makongamano yao. Nimewaona mafundi wakila wamesimama nyuma ya spika, baada ya wageni kushiba, na kipaza sauti kikikwaruza kidogo tu, ukumbi mzima unageuka kuwatazama kwa macho makali.

Siku ya mazishi mwenyekiti alikuja na suti nyeusi, akapewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kujitolea kweli kweli, na kwamba hakuwahi kuiacha simu ya chama bila kuipokea. Alikuwa bado anasema simu ilipoita. Majirani wote tuliujua mlio ule. Ilikuwa mfukoni mwa mume wa marehemu, mchonga vinyago kutoka Masasi, mtu asiye na maneno mengi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwajibu watu kwamba mwenyewe hayupo. Akainuka, akapita katikati ya viti, akamkabidhi mwenyekiti simu ile kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Wiki hii zamu ni yako."

Mwenyekiti aliitazama simu inavyoita mkononi mwake. Kisha, bila hata kugeuza shingo, akaipitisha nyuma kwa fundi pekee aliyebaki ofisini, binti aliyekuwa amevimba macho kwa kumlilia mwenzake. Binti akaipokea, akasogea pembeni, akafuta pua kwa khanga. Nikamsikia: "Haloo, karibu. Nikusaidie nini?"

Msomaji, sina somo refu. Chama kinachoheshimu taaluma kianze kuwaheshimu wanaokiwashia taa. Wewe binti, kama safu hii itakufikia, Jumapili izime hiyo simu. Wakikuuliza moyo wa kujitolea umeupeleka wapi, waambie moyo huo ulishazikwa, Chamazi, na mwenyekiti alikuwepo.